Albamu ya Kwanza na Masikio ya Kaka Elisante

Kaka Elisante alirudi nyumbani Mhezi, milimani Upare, akinuka mkonge. Ile harufu chachu ya jani lililopondwa ilikuwa imeingia kwenye mashati yake na kwenye blanketi, na mama alifua wiki nzima bila kuimaliza. Shamba la mkonge alilofanyia kazi huko tambarare lilikuwa limefungwa, wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao. Ilikuwa miaka ile redio ilipotangaza kwamba biashara sasa ni huria, nasi tukaanza kuona madukani vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Tulivitazama, kisha tukapanda mlima kurudi nyumbani. Elisante alikuwa amesimama miaka saba kando ya mashine ya kukamua mkonge iliyonguruma kutwa, na alichorudi nacho ni redio ya kaseti pamoja na kaseti moja aliyoachiwa na fundi mgeni aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi. Nilimkimbilia njiani kwa nyuma, nikasema, "Shikamoo, kaka." Hakuitikia. Aliendelea kupanda, nami nikasimama pale nikiwa na aibu.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya kundi la hevi metali, albamu yao ya kwanza kurekodi studio. Kwenye jalada walisimama vijana wanne wenye nywele ndefu, kama watu wasiojua mikono yao waiweke wapi. "Walikuwa hawajulikani hawa," Elisante aliniambia. "Ndiyo mara ya kwanza wanaingia studio. Ona walivyo na haraka." Kila alasiri alipakata redio, akafungua sauti mpaka mwisho, akaweka kiganja juu yake. Magitaa yalikoroma, ngoma zikakimbizana, kuku wakahama uani. Betri zilipochoka alizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kelele zile zilimchosha, lakini kilichomuumiza zaidi ni kwamba alimwita mwanawe kutoka shambani mara tatu, mara nne, bila jibu. "Huko tambarare kumemtia jeuri," alisema. Sote tukalikubali neno hilo. Nami pia niliacha kumwamkia.

Miezi ikapita hivyo. Ndipo kwaya ya kanisa ilipotaka kurekodi nyimbo zake za Chasu, lugha yetu ya Kipare, na mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kijijini hapakuwa na kaseti tupu. Mwalimu wa kwaya alikuja kwetu, akakaa, akazungukazunguka na maneno mpaka mama akamkatiza. Mama alisimama mbele ya Elisante, akamwambia polepole, "Mwanangu, tunaomba kaseti yako turekodi juu yake." Elisante aliuangalia mdomo wake mpaka ukanyamaza. Kisha akaitoa kaseti, akatafuna kipande cha karatasi na kuziba vile vitundu viwili vya juu ili ikubali kurekodi. 

Jumapili iliyofuata tulikaa uani baada ya chakula kuisikiliza kwaya. Sauti ya mama ilitoka peke yake, nyembamba na safi, hata jirani akaacha kupepeta mahindi. Elisante alikuwa akichora ardhini kwa kijiti. Baba alimkazia macho, hasira ikimpanda. Nyimbo za kwaya zikaisha kabla ya mkanda kuisha, na pale pale, bila hata pumzi, magitaa ya wale vijana wanne yakapasuka kutoka katikati ya wimbo wao. Elisante akainua kichwa.

Baba alinyanyuka, akaenda kuchuchumaa mbele yake. "Elisante, umemsikia mama yako akiimba?"

"Niliona mkanda unazunguka, baba."

"Husikii?"

"Sauti za watu zimekwisha. Hizi kelele nazipata kidogo, na zaidi nazipata kwa mkono. Nilidhani sauti zitarudi, ndiyo maana sikusema."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mwalimu wa kwaya alinyoosha mkono kuzima redio, baba akamzuia. Tulikaa tukausikiliza muziki ule mpaka ukakwama mwishoni.

Juma lile baba alivaa koti lake la kanisani, akashuka mjini Same siku ya gulio. Nilikwenda naye. Kwenye meza ya muuza kaseti alisimama wima, akasema, "Kijana, nataka wale wazungu wa kelele nyingi. Ile albamu yao ya kwanza." Muuzaji alicheka, kisha akamwona usoni, akaacha. Alipekua boksi zote mbili. Hakuwa nayo. Tulirudi na betri mpya tu.

Sasa baba ametangulia, na Elisante analima tangawizi pale pale nyumbani, hasikii kitu. Siku hizi watoto wanapimwa masikio shuleni, na yeye na mimi tunaandikiana kwa simu kuhusu mvua na bei. Albamu ile naweza kuipata kwa kugusa kioo. Niliisikiliza mara moja, nikachoka kabla ya nusu. Kilichobaki kwangu ni tabia moja. Mtu nikimwita asiponiitikia, sipazi sauti wala sinuni. Namzunguka, nasimama mbele yake, ndipo namwamkia.