Injinia wa Waya

Shemeji yangu anaitwa Injinia. Msidanganyike. Mtu huyu alikuwa dereva wa injinia wa kweli kwa miaka minne, akimbebea kofia ya kazi na chupa ya chai. Mkataba ulipokwisha, injinia akaondoka, kofia ikabaki. Basi, ndiyo shule yake hiyo. Tangu siku ile haendi popote bila kofia nyeupe kichwani na pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, mfukoni mwa shati, kifaa ambacho sijawahi kumwona akikilaza juu ya kitu chochote.

Mimi ni fundi wa kutundika mabomba ya kuzimia moto, yale yanayopita darini na vichwa vyake vidogo vya kumwaga maji pindi moto ukiwaka. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili niko juu ya ngazi, mwanamke mzima na suruali yangu ya kazi, vumbi la zege puani. Kwa hiyo Ijumaa mdogo wangu aliponipigia simu, sauti imejaa furaha, "Dada, njoo kesho kiwandani uone, mume wangu katundika mabomba yote peke yake," niliomba ruhusa ya Jumamosi papo hapo.

Mdogo wangu ni mshonaji. Chumba chao pale kiwandani kina cherehani arobaini, naye hukaa mstari wa tatu, chini kabisa ya bomba kubwa. Ndiye aliyemwombea mumewe kazi ile kwa bosi. Nilipofika, dari ilikuwa imeshafunikwa bodi nyeupe, inapendeza kwelikweli. Injinia kasimama katikati, mikono kiunoni, kifua mbele.

"Karibu shemeji! Haya, leo utasema nini?"

Nilipanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikasukuma bodi moja kwa mpini wa fagio. Lahaula! Bomba lote lilikuwa limefungwa kwa waya, ule wa kufungia nondo, na waya wenyewe umefungwa kwenye fremu nyembamba za dari ambazo kazi yake ni kushika bodi, basi. Hakuna tundu hata moja lililotobolewa kwenye zege. Hakuna fimbo ya chuma ya kulining'iniza, hakuna klempu ya kulibana. Panatakiwa pawe na kishikio kila baada ya mita tatu. Yeye kafunga pale mkono ulipofika.

"Kutoboa kulikushinda?" nikamuuliza.

"Zege lina vumbi, shemeji. Tena bomba ni chuma, linajibeba lenyewe."

Linajibeba! Nilimweleza taratibu, maana mtu wa namna hii ukimharakisha anaanguka, kwamba bomba lile sasa ni tupu. Likijaa maji, kila mita tatu ni uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Kwa urefu wa chumba kile, watu kumi walioshiba watakuwa wamelala juu ya vifremu vile, na washonaji wako chini yao. Akatikisa kichwa, akamgeukia bosi aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wivu tu huo. Mwanamke akishashika drili anajiona yeye ndiye yeye."

Bosi akacheka. Akasema maji yatafunguliwa Jumatatu asubuhi, na kushona hakusimami kwa ajili ya ugomvi wa mashemeji.

Bosi hakuniumiza. Aliyeniumiza ni mdogo wangu, aliponisindikiza hadi langoni macho yakiwa mekundu. "Dada, yule ni mume wangu. Kwa nini kila anachogusa unakitemea mate? Ingekuwa hatari, angeniacha mimi nikae pale?" Mjinga yule, ndiyo, mjinga wa kutupwa, lakini niliamini kwamba anampenda mkewe. Nikaenda zangu nimenuna.

Jumatatu nilifika kabla cherehani hazijaanza kulia, mkoba wa vifaa begani. Nikamwendea bosi moja kwa moja.

"Bosi, sisi watundikaji tuna utaratibu wetu. Siku ya kujaza maji, aliyetundika hukaa chini ya bomba lake. Mimi nimekaa kila mara. Mwambie Injinia akae kwenye kiti cha mkewe, sisi wengine tusimame mlangoni. Likishika, nitamwomba radhi hapa hapa mbele ya watu wote."

Washonaji hawakungoja bosi ajibu. "Akae! Akae!" wakapiga makofi. Injinia akacheka meno yote nje, akakaa, akakunja nne. Bosi akaenda ukutani, akafungua koki ya maji kidogo. Tukasikia maji yakiingia, yakikoroma ndani ya bomba. Juu, fremu moja ikalia kwaa! Unga mweupe wa bodi ukadondoka juu ya cherehani.

Injinia akainuka. Hakukimbia, thubutu, mheshimiwa mzima akimbie? Alijipangusa suruali, akamwita mkewe aliyekuwa kando yangu mlangoni.

"Mke wangu, hebu njoo ukae hapa kidogo. Mimi nikaangalie ile koki."

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu alianza kutembea. Nikamshika mkono, akauchomoa. Lakini hakwenda kwenye kiti. Alikwenda kwenye koki, akampita bosi, akaifunga mwenyewe kwa mikono miwili. Ndipo akamgeukia mumewe.

"Ulikuwa unajua," akasema. "Tangu Jumamosi ulikuwa unajua."

Injinia akatazama viatu vyake. "Nilidhani litashika."

"Basi rudi ukae."

Hakurudi.

Nilikuwa nimekuja na kejeli zangu tayari, zimepangwa. Nikamtazama mdogo wangu usoni, zote zikanikauka mdomoni. Miaka kumi na moja nimemwita mtu yule mjinga. Kumbe nilikuwa namsifu.