Anayelala Kwenye Ndoo

Mimi nilifungwa kwa ajili ya sabuni, miaka ile bidhaa zilipokuwa adimu. Katoni nne tu, nilizificha chini ya magunia ya viazi, wakaniita mlanguzi. Nilipotoka nikakuta Makambako nzima inauza sabuni mchana kweupe, redio ikilia juu! Nilicheka peke yangu pale stendi mpaka mama muuza chai akanipa kikombe cha bure, akidhani nimerukwa na akili.

Ndani nilikuwa nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuwapanga watu mahali pa kulala. Anayekohoa nilimpeleka kona ya ndoo ya haja, ili wengine wapate usingizi. Rafiki yangu mmoja, Mkinga wa Makete aliyekuwa akinigawia ugali wake, nilimhamishia huko alipoanza kukohoa, wiki chache kabla sijatoka. Hakunisemesha tena.

Nikarudia biashara yangu ya viazi. Siku moja akasimama mteja, daktari, mama wa makamo, anayetafiti kifua kikuu magerezani. Alikuwa amenuna: wafungwa karibu wote walimwambia hawakohoi.

"Unauliza vibaya, mama," nikamwambia. "Nani akubali kwenda kulala na ndoo? Uliza nani analala kwenye ndoo."

Akaniangalia weee! Nikamweleza nilikojulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi hata kitanda hatukuwa nacho.

"Basi kaka, njoo uyaandike maswali mwenyewe," akasema.

Mimi, darasa la saba! Tulikaa Njombe siku tatu, baridi ya kukata masikio, nayafuta maswali yake kwa kalamu nyekundu. Yeye mbishi, mimi mbishi zaidi. Nikasisitiza nyapara asiwepo watu wakiulizwa. Akataka kujua kwa nini. "Kwa sababu enzi zangu wangenijibu mimi, si wewe."

Tukaenda gerezani kwetu. Askari wa mlangoni akaniona. "Wewe! Umerudi?"

"Nimekuja kikazi, afande," nikasema. Sikumwogopa yeye. Nilikuwa naogopa kitu kimoja: Mkinga wangu yu hai?

Wakaja mmoja mmoja, nikiuliza na kuandika. Karibu na saa ya chakula akaingia yeye. Shati lilimpwaya, shingo imebaki mishipa. Nilifurahi, na aibu ikanishika palepale. Akaketi, akanitazama.

Nikauliza kama tulivyopanga. "Chumbani kwenu, nani analala kwenye ndoo?"

"Mimi. Si uliniweka wewe?"

Daktari akainamisha kichwa. Nikaiweka kalamu chini.

"Nisamehe, ndugu yangu," nikasema.

Akakohoa muda mrefu, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, kisha akaigonga karatasi yangu kwa kidole.

"Andika kwanza," akasema. "Siku hizi kule kwenye ndoo tuko watatu."