Kipande cha Mwisho

Dada yangu anavunja tensa. Tensa, alivyonieleza mimi fundi cherehani, ni jedwali la namba linaloeleza kitu, tuseme jinsi chuma kinavyobanwa pande zote. Jedwali dogo lina namba tisa. Unaligawa vipande vitatu: cha kwanza kinahitaji namba moja, cha pili tatu, cha mwisho tano. Ukigeuza chuma utakavyo, kila kipande kinabadilika kivyake bila kuchanganyika na kingine, wala hakigawanyiki tena.

Majedwali yake yeye yalikuwa na maelfu ya namba, hivyo alitumia programu ya aljebra iliyoandikwa na Profesa wake. Miaka sita. Kila mara kompyuta ilijumlisha vipande, ikalipata jedwali la awali, ikaandika: tofauti, sifuri.

Wiki mbili kabla ya kutetea tasnifu ya udaktari, akakipima kipande cha mwisho peke yake. Kilikuwa na mabaki ya vile vingine. Akaisoma programu mstari kwa mstari, akauona uchafu wenyewe: kipande hicho hakikuwahi kukokotolewa. Profesa alichukua jedwali zima, akatoa vipande vingine, kilichobaki, pamoja na makosa yote ya vile vingine, akakiita cha mwisho. Jumla ingekosaje kutimia? Ni sawa na mimi nikate suruali vibaya, mabaki niyashindilie mfukoni, halafu nimwambie mteja kitambaa chake chote kimo.

Alimkuta Profesa ofisini anakata kucha juu ya mitihani ya wanafunzi. Alipomweleza alichokiona, Profesa hakushtuka. Alikuwa anajua siku zote, na kucha akaendelea kukata.

"Watahini wanaangalia jumla tu," alimwambia. "Jumla imetimia. Unajitafutia nini, mwanangu?"

Eti mwanangu. Mtu yule ananitia kinyaa mpaka leo.

Kurekebisha kungekula mwaka mzima, na chuo kilishamwonya: atetee sasa au aondoke bila shahada. Dada hakugusa chakula. Shemeji akasema awasilishe. Mama akasema awasilishe. Na mimi, ambaye mshono mmoja ukipinda nafumua nguo yote, nikamwambia, "Dada, wewe wasilisha tu. Nani atajua?"

Siku yenyewe tulikaa nyuma ukumbini. Mtahini mgeni, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliuliza kama vipande vyote vimehakikiwa. Dada alimtazama Profesa, kisha akatutazama sisi.

"Jumla inatimia," akajibu. "Tofauti ni sifuri."

Hapo hakuna hata neno moja la uongo. Yule mama akaridhika, akasaini. Tukapiga makofi, mimi kwa nguvu kuliko wote.

Sasa ana ofisi yake, na mlangoni wameandika Dokta. Nikimwita hivyo, haitiki.