Televisheni ya Juu ya Mkarafuu

Televisheni yetu sie watu wa bondeni, nyuma ya Mtambile, ni Vuai mchuma karafuu. Msicheke. Kule chini mtandao haufiki, ila juu ya mkarafuu wake mrefu unashika. Basi Vuai hupanda na simu, akatutangazia mpira na taarifa ya habari. Vijana husema mnara ukijengwa kila mtu atatazama kitandani kwake. Mnara, mnara! Mwaka wa tatu huu twaambiwa unakuja. Na ukija, nani atakayeziweza hizo MB? Mpira mmoja tu humaliza kifurushi cha wiki.

Mie jirani yake humwambia kila siku, "Vuai, matawi ya mkarafuu hayana imani. Umekalia kuti kavu weye." Hunijibu, "Bi Thuraiya, huku juu dunia yanukia." Mtu wa ndoto yule. Akishuka huwa majani yangali nyweleni.

Sasa, binti yake Asma, mtoto wa miaka kumi na miwili, alichaguliwa kwenda Unguja kwenye mashindano ya kuhifadhi Kurani, nayo yarushwa moja kwa moja. Aliyemsomesha ni mama yake, Kazija, kila alfajiri kwa miaka mitano. Lakini nafasi ya safari ilikuwa ya mtoto na mwalimu wa chuo cha Kurani tu. Kazija alibaki na tamaa moja: amsikie mwanawe, isimpite hata herufi moja.

Siku yenyewe, baada ya Adhuhuri, Vuai akapanda. Spika ndogo isiyo na waya alimwachia mkewe mapajani, nami nikakaa naye mkekani. Upepo ulikuwa mwororo, jua likipenya majanini vipande vipande, harufu ya karafuu imetulia. Nilihisi naota na macho yangu wazi.

"Kakaa!" Vuai akaita kutoka juu. "Kavaa ule mtandio mweupe uliomshonea!"

Kisha sauti ya Asma ikaja, nyembamba, safi, yasoma Suratu Rahman. Wallahi nililia. Sura hiyo ina aya inayojirudia, na hapo ndipo wahifadhi wengi hupotea, wasijue watoka wapi waenda wapi. Asma akaifikia, akaisoma, kisha kimya.

Kimya kirefu.

"Mtandao!" Vuai akapiga kelele. "Mtandao umekata! Picha imeganda!"

Nikaulaani mtandao na wenye mtandao wote. Kazija hakulaani mtu. Aliinamia spika, akaisoma aya inayofuata, taratibu, vile vile alivyozoea alfajiri. Mara Asma naye akaidaka, utasema kamsikia kule aliko, wakaenda pamoja mpaka mwisho.

Vuai alishuka macho mekundu. "Mitandao yetu bure kabisa," akasema, hatutazami usoni.

"Baba Asma," Kazija akamwita, "mtandao ukikata, feni ya ukumbini huendelea kuvuma? Na watu hukohoa?"

 Vuai akaanza kutafuta kandambili zake, nazo zi mbele ya miguu yake.

"Nilimwona akipepesa macho," akasema mwishowe. "Akitafuta, masikini, haoni. Sikutaka uumie."

"Nilijua kapotea," Kazija akasema. "Ndo maana nikamsomea."