Mama Mkwe Nyuma Yangu

Mke wangu Yudith alikuwa mwanamke wa kwanza kijijini kwetu, upande wa Mlalo, kuwa balozi wa nyumba kumi. Ilikuwa mwaka sabini na nne. Nilifurahi. Nilidhani nyumba ya balozi chakula hakikosekani. Kumbe mume wa balozi anajipikia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa shamba la ujamaa, mteremko wote ulio juu ya kanisa. Mwenyekiti Nikodemo alimwambia mbele ya mkutano, "Mvua za vuli zikikuta shamba halijalimwa, mama, ubalozi nampa Hezekia."

Hezekia, jirani yetu, alitikisa kichwa kwa huruma, huku amekwisha kujiweka sawa.

Siku ya kwanza walikuja watu wanne. Siku ya pili walikuja wengi, wakaegemea majembe. Nguvu kila mtu alikuwa ameziacha kwenye shamba lake mwenyewe alfajiri. Mimi nilikuwa mvivu kuliko wote, ila nina sauti, basi niliimba.

Jioni Yudith alikaa jikoni.

"Mrudishie Nikodemo ubalozi wake," nikamwambia. "Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Na wewe umechoka nini, kuimba?"

Nikachochea moto. Yeye akautazama. Halafu akacheka peke yake. Nikaogopa.

Asubuhi alitupanga mwenyewe. Kwetu mteremko hulimwa kutoka chini kwenda juu, umeinama, uso mlimani. Mimi akaniweka juu. Hatua tatu chini yangu akamweka mama yake, Bibi Jenoveva.

Asiye wa kwetu aelewe: mama mkwe humtazami usoni, wala huli naye. Sasa umwinamie, umpe makalio, mchana kweupe, juu ya kanisa!

"Mama Rubeni," nikanong'ona, "umekosea kupanga."

"Sijakosea, baba Rubeni. Lima."

Nikalima. Nilitaka kufika mbali naye. Kila nikisimama kupumua nasikia jembe lake linakuja. Yule mama hakujua kupumzika.

Hezekia alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana balozi, unakimbia nini? Nyuki?"

"Hezekia," Yudith akaita, "inuka. Mama yake Secilia anakuja nyuma yako."

Secilia ni mke wa Hezekia. Kicheko kikakatika. Jembe likasikika.

Wanaume wakaanza kunung'unika. Ndipo Yudith akamwita baba yangu, mkwe wake, akamwomba asimame chini. Yeye mwenyewe akapanda hatua tatu mbele yake, akainama. Nilimwona anavuta kanga kwa aibu. Lakini alilima, na manung'uniko yakaisha.

Siku ya tisa tulimaliza mstari wa mwisho. Mvua ilitukuta njiani, tunarudi. Nikodemo alikuwa amesimama barabarani na mwavuli.

"Ubalozi ni wako, mama," akasema.

"Ahsante, mwenyekiti. Mama mkwe wako yu hai bado?"

Nikodemo akaaga haraka.

Yudith alishika ubalozi miaka kumi na moja. Nimemzika Januari, karibu na kanisa, chini ya mteremko ule. Bado nalima pale juu. Sasa napumzika kila ninapotaka, hakuna wa kuniambia lima. Sipendi.