Générose na Vigae vya Bafuni
Raha ya Générose, muuza vitenge wa soko la Kimironko, ilikuwa moja tu: kuita fundi nyumbani, kuvuta kiti na kumsimanga mpaka jioni. Sokoni alilazimika kuwachekea wateja wote, hata wale wapumbavu, lakini fundi hachekewi. Basi mumewe Achille alipostaafu ukarani na kutangaza kwamba vigae vya bafuni atavibandika mwenyewe, Générose alijiona ameporwa.

Achille alipiga magoti kwenye saruji, akipiga mluzi kwa furaha iliyomchefua mkewe. Générose akaleta kiti chake.

“Kigae hicho kimepinda.”

“Mama Belyse, niache.”

“Mafundi huniita bosi. Bandua, ubandike upya. Mikono ya kugonga mihuri hiyo!”

Mluzi ukakatika. Achille akaomba chai.

“Mafundi wangu huja wameshakunywa kwao.”

Mchana Achille alitupa mwiko, akatoa simu amwite fundi. Générose akamnyang'anya.

“Haji mtu hapa, Papa Belyse. Fundi nikimtukana sana huokota vyombo vyake akaondoka. Wewe utakwenda wapi? Haya, piga magoti.”