Pua ya Mama Maria

Pale mtaani Hewa Bora, mtu akishikwa na woga alikuwa anapelekwa kwa Papa Donat Kasonde. Hakupelekwa kwa padri, maana padri alikuwa na parokia nzima na pikipiki mbovu. Wala kwa daktari, maana daktari anataka kwanza aone mfuko wako ndipo aone ulimi wako. Papa Donat alikuwa mchomeleaji wa vyuma, na pia rais wa shirika, lile kundi la nyumba jirani linalosali rozari pamoja kila juma. Dawa yake ilikuwa moja kwa magonjwa yote: "Musiogope." Vita vya mashariki vimesikika redioni: musiogope. Unga umepanda: musiogope. Umeota nyoka: musiogope, lakini angalia chini ya kitanda.

Na alijua kulitamka. Kifua kilijaa, mkono ulipanda, macho yakatazama juu kidogo ya vichwa vya watu kana kwamba malaika amesimama nyuma yao akimshikia karatasi. Mama wazee waliondoka wamepona. Mganga hajigangi, lakini nani amchunguze mganga mwenye sauti nzuri hivyo?

Mwaka huo woga ulimjia yeye mwenyewe, ukaingia bila kubisha hodi.

Karakana alimofanya kazi ilikuwa upande wa Ruashi, na iliishi kwa kuziba matundu ya malori ya mgodi. Siku moja chef, mkubwa wa karakana, aliwaita wachomeleaji wake, ambao walikuwa wawili tu, akawaambia: "Bantu yangu, kobalti leo inatoka, kesho banaizuia. Kazi imepunguka. Mumoja wenu ataenda congé technique. Mutapigiwa simu." Congé technique ni maneno matamu ya Kifaransa ya kumtuma mtu akapumzike asikotaka, bila mshahara, mpaka hapo Mungu atakapomkumbuka.

Mchomeleaji wa pili alikuwa Jean-Claude Mwansa, jirani yake, kijana aliyeoa juzi tu, ambaye Papa Donat ndiye aliyemfundisha kazi. Kila asubuhi Papa Donat alisimama mbele ya geti la akina Jean-Claude, akapiga mluzi, kijana akatoka bado anatafuna mkate, wakaenda pamoja. Siku ile walirudi pamoja vilevile. Kila mmoja alishika simu yake kama mtu aliyeshika nge.

Tangu hapo kifua cha rais wa shirika kilianza kudunda. Kilidunda mezani, akaiacha bukari, ugali wake, ipoe sahanini. Kilidunda kitandani, na mkewe Lydie akauliza kama ni yeye au ni jirani anayetwanga; akamjibu ni maji baridi aliyokunywa. Simu ikilia, hata ya mtu aliyekosea namba, anaifunika kwanza kwa kofia ndipo anaipokea. Kumwambia nani? Muuza dawa hakohoi mbele ya wateja.

Ndipo Mama Maria akafika.

Shirika lilikuwa na sanamu yake, ya plasta, yenye vazi la buluu na pua ndogo nzuri. Ilizunguka nyumba kwa nyumba, kila nyumba juma moja. Jumapili alasiri baba wa nyumba anaibeba kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata, na pale mlangoni, mbele ya watu wote, anasema nia yake, yaani jambo walilomwomba Mama juma lile. Sheria hiyo ilisimamiwa na Maman Mwelwa, mama yake Jean-Claude, mjane mwenye ulimi kama msumeno. "Nia inasemwa na sauti," alizoea kusema. "Kama ni ya kuficha, basi haikuwa maombi, ilikuwa biashara."

Papa Donat mwenyewe, kila zamu yake, alisema ameomba amani ya nchi. Ni nia nzuri. Haina jina la mtu ndani.

Safari hii alianza vilevile. Alipiga magoti mbele ya plasta, akaomba amani ya nchi, akaombea wakimbizi na viongozi, hata hao. Mama Maria alimtazama tu. Kisha kifua kikadunda, na kutoka chini kabisa ya tumbo, bila ruhusa ya rais, maneno yakapanda yenyewe: "Mama, kama ni lazima mumoja atoke, isikuwe miye. Ikuwe Jean-Claude. Yeye iko kijana, atapata ingine."

Alisikia alichosema. Hakukifuta. Akaongeza "Amina."

Kabla juma halijaisha, simu ililia kwa Jean-Claude.

Ah, usingizi aliolala Papa Donat siku ile! Alilala kama mtu aliyelipwa. Aibu ilimngojea asubuhi, imekaa kitako ukingoni mwa kitanda, imeshika na kiatu chake. Alivaa ovaroli, akatoka, akafika kwenye njia panda. Kulia kuna geti la akina Jean-Claude. Alikata kushoto, akazunguka nyuma ya soko, akafika kazini amechelewa na matope mpaka magotini. Tangu siku ile njia yake ikawa hiyo.

Jean-Claude ndiye aliyemfuata nyumbani.

"Jambo yenu, ba papa Donat."

"Jambo, mwanangu. Nimesikia. Eeh, Mungu."

"Njo vile, ba papa, ndivyo ilivyo. Sasa jumapili Mama Maria anakuja kwetu. Muke wangu amefurahi sana. Anasema labda..." Kijana akashindwa kumaliza, akacheka cheko la mtu asiyejua mikono aiweke wapi.

Papa Donat akaiona jumapili: nyimbo, geti, watu wote, na Maman Mwelwa akiuliza, "Nia yenu, Papa président?" Aseme amani ya nchi mbele ya kijana huyu? Aseme ile nyingine?

"Kuna shida kidogo," akasema. "Mama Maria... alianguka. Pua imekatika. Nimemupeleka kwa muntu wa kupaka rangi."

Uongo una miguu mifupi, lakini huu haukuwa na miguu kabisa, maana sanamu ilikuwa sebuleni, nyuma ya pazia, mkono mmoja kutoka mgongo wa Jean-Claude.

Kijana alipoondoka, Papa Donat aliichukua akaificha kwenye kabati la nguo, katikati ya suti yake ya harusi na shuka. Lydie alifungua kabati kutafuta kitenge, akakutana na Malkia wa Mbingu uso kwa uso.

"Donat! Umemufunga Mama wa Mungu mu kabati? Amekosa nini?"

"Anapumzika."

"Congé technique?"

Hakucheka yeye, wala hakucheka mkewe.

Jumapili ikapita bila nyimbo. Mtaa mzima ukaulizia pua. Ndipo Maman Mwelwa akaja, kitenge kimefungwa vizuri, uso umechoka. Akakaa bila kukaribishwa.

"Papa président, nimekuja juu ya mutoto. Hatoki tena inje. Anashinda anaangalia simu, anasema labda batamurudisha. Mwili inamutetemeka. Kifua, anasema, inapiga kama ngoma. Hakula tangu juzi. Mumuombee."

Papa Donat aliutambua ugonjwa ule. Alikuwa nao juzijuzi kifuani mwake, na ni yeye aliyeuonyesha kwa kidole nyumba ya kuingia. Alifungua mdomo, mkono ukapanda wenyewe kwa mazoea.

"Musi..." akasema. Alikohoa. Aliomba maji.

"Muko mugonjwa?"

"Vumbi ya kazini."

"Basi mulete Mama Maria," Maman Mwelwa alisema akiinuka. "Hata bila pua. Miye simuiti aje kunusa chakula. Nataka mutoto wangu aone kama tumemukumbuka."

Sasa shetani, ambaye hapendi kumwona Mkatoliki amekaa bure, akampa Papa Donat wazo la kifundi. Kama sanamu ingekuwa kweli imekatika pua, uongo ungekwisha. Angeipeleka, angesema amani ya nchi, mambo yangeisha. Mchana ule Lydie alikuwa sokoni. Papa Donat aliitoa sanamu kabatini, akailaza juu ya mapaja yake kama mtoto anayenyolewa, akachukua nyundo ndogo ya kazini, ile ya kubangua takataka za soudure baada ya kuchomelea. Akainua mkono. Mama Maria akamtazama. Akamfunika macho kwa leso. Akainua tena.

"Yesu wangu!" Lydie alikuwa mlangoni, kikapu kimemwanguka, nyanya zinabingirika. "Donat! Unataka kumupiga Maria pua?"

Mzee wa miaka hamsini na kitu, rais wa shirika, dawa ya mtaa, akakaa pale na nyundo mkononi na Bikira mapajani, akalia mpaka kamasi. Akamwambia mkewe yote: kifua, simu, ile "Amina". Lydie aliokota nyanya moja moja akisikiliza. Mumewe alipomaliza, akaondoa leso kwenye uso wa sanamu.

"Na miye uliniogopa?" aliuliza. "Ile mudundo yote, uliniambia ni maji baridi." Kisha akampa mgongo. "Kesho unamupeleka. Na utasema."

Kesho yake haikuwa jumapili, lakini watu walikuja. Mtaa hauachi kitu cha bure. Waliimba mpaka geti la akina Jean-Claude. Papa Donat alibeba sanamu kifuani, na nyuma ya plasta moyo wake ukadunda hivi kwamba alihisi Mama anadunda naye. Jean-Claude alitoka, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

Maman Mwelwa akasimama mlangoni. "Nia yenu, Papa président?"

Watu wakainamisha vichwa kungojea amani ya nchi.

"Niliogopa," Papa Donat akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa. "Niliomba simu ilie kwa Jean-Claude, isilie kwangu. Njo nia yangu."

Hakuna aliyeimba. Mahali fulani mtu alianza kukohoa akaahirisha. Maman Mwelwa akanyoosha mikono, akaichukua sanamu. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Lakini pua iko," akasema.

"Pua... ile pia nilidanganya."

Afadhali angetukanwa. Alichopata ni mgongo wa Maman Mwelwa ukiingia ndani na sanamu, na watu wakimpita mmoja mmoja kuingia kusali, wengine wakimkwepa bega kama ukuta uliopakwa rangi leo. Alibaki nje ya geti na Lydie, ambaye hakumshika mkono lakini pia hakuondoka.

Rozari ilipoisha, Jean-Claude akatoka.

"Ba papa. Chef ndiye alichagua. Mama Maria hapigi simu ya kazi." Akakwaruza geti kwa ukucha. "Lakini asubuhi ninasikiliza mluzi. Hamupiti. Nilijua mumebadilisha njia. Ile njo iliniuma."

Papa Donat alikuwa na neno moja tu maishani, na halikufaa.

Asubuhi iliyofuata alifika kwenye njia panda amevaa ovaroli. Kushoto kulikuwa na matope na amani. Alikata kulia. Mbele ya geti midomo ilimkauka, mluzi wa kwanza ukatoka upepo mtupu. Akalamba midomo, akajaribu tena.

Kisha komeo likagonga. Jean-Claude alichungulia, shuka mabegani, hana mkate mdomoni.

"Bado munaogopa?" akauliza.

"Naogopa, mwanangu. Ile simu italia tena."

"Miye pia naogopa."

Walisimama hivyo, geti katikati yao.

"Bon," Jean-Claude akasema. "Muende, mutachelewa. Na kesho mupige mluzi nguvu kidogo. Ile ya leo ilikuwa ya muntu mwenye hana meno."